Mjumbe Hauawi

Mama huuita baridi.
Baridi yabisi, kama wanavyosema wenzake wa mpunga
waliosimama majini Ahero tangu usichana,
maji magotini, mgongo umepindia miche.
Lakini mimi nimevishika vifundo vya vidole vyake usiku.
Baridi gani hiyo? Ni jiko lililofunikwa.

Jumanne nilibeba damu yake hadi maabara yetu Kisumu,
chupa ya kifuniko cha zambarau katikati ya barafu:
Apondi Otiende, miaka sitini na mmoja.
Sikumwambia mtu wa zamu kwamba ni mama yangu.
Mashine ilikoroma, ikatema namba,
nami niliyezisoma namba za watu kwa miaka tisa
nikaisoma hii mara nne.

Saitokini. Neno halijapata nyumba katika lugha yetu,
ngoja nilivutie kigoda.
Chembe ya damu ikimwona adui haipigi yowe.
Hutuma tarishi, mdogo, hana miguu,
anachukuliwa na maji ya mwili
mpaka ukutani kwa chembe nyingine, ambako kipokezi
kimekunjwa kama kiganja cha anayeomba chumvi.
Akitua hapo, habari imefika.
Asipopata kiganja
ni barua iliyotupwa mto Nyando.

Nilipokuwa na miaka sita malaria ilinilaza,
mama akanipangusa kwa kanga iliyoloa, akiilaani homa.
Hakujua, wala mimi sikujua,
kwamba moto ule uliwashwa na watu wangu, walikuwa kazini.

Sasa kwake ujumbe ulitumwa siku moja,
labda kwa sababu ndogo ambayo hakuna aikumbukaye,
na hakuna aliyesema basi.
Unajua lango la mfereji likiachwa wazi usiku:
maji huanza na mpunga,
yakaja uani,
yakaingia ghalani.

Daktari Nasambu alisema sindano ipo.
Humkamata tarishi njiani kabla hajakifikia kiganja.
Bei yake, kila mwezi, mitamba miwili.
Nilimweleza mama jikoni, kwa Kijaluo, nikitumia ufuta na maharage,
naye akajibu kwa Kiswahili cha mikutano ya skimu:
"Mjumbe hauawi. Huyo ametumwa tu."

Nikacheka. Kisha ikaja picha ya kifua.

Juu ya pafu la kulia, alama nyeupe,
ndogo kama punje ya mchele uliovunjika.
Kifua kikuu cha mwaka wa tisini na nne,
mwaka aliokwenda misheni kwa miguu kumeza vidonge
nami mgongoni.
Tulidhani kiliisha.
"Hakikufa chote," daktari alisema, kalamu ikizunguka ile punje.
"Kilizungushiwa ukuta."
Na nani amelinda ukuta huo miaka yote hii,
mchana, usiku, bila likizo, bila hata asante?

Tarishi yuleyule.

Nilipita soko la Kibuye nikanunua omena nisiohitaji.
Nilitaka kumchukia mtu, nikakosa.
Mkono unaomvunja vidole
ndio unaoshikilia komeo.

Basi kutakuwa na vidonge kwanza, miezi kadhaa,
kuwamaliza wafungwa kabla ya kumzuia askari.
Halafu sindano, tukipata mitamba.
Halafu sijui. Namba hazisemi, nami nimeziuliza.

Jioni nilimkuta akichagua mawe kwenye mchele,
ungo mapajani, vidole vimepinda kama mizizi ya mfunjo.
Akaniuliza bila kuinua macho,
"Kwa hiyo hanichukii?"
"Hakuchukii, mama. Hajui kuacha."
Alinyamaza kidogo. Akatoa jiwe moja, akalitazama,
akalitupa mlangoni kwa kuku.
"Sogeza taa," akasema.